Kufundisha Uchoraji wa Vekta: Kutoka Zana za Darasani hadi Kazi za Mkataba

UTANGULIZI

Katika vyuo vya ualimu somo la zana za kufundishia lina mahali pake tangu zamani. Mwanachuo hufunzwa kukata kadi za manila, kuchora ramani kwa wino mzito, kutengeneza saa ya boksi na kufinyanga maumbo kwa udongo. Pale ambapo chuo kina chumba cha kompyuta, kazi hiyo yaweza kuendelezwa kwa njia nyingine, nayo ni uchoraji wa vekta.

Stadi hii ina faida mbili kwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwanza, humwezesha kutengeneza chati na vielelezo vinavyoweza kukuzwa, kusahihishwa na kutumiwa tena mwaka hadi mwaka. Pili, humpa kazi halali ya ziada. Mwalimu akaapo kijijini au mtaani huonekana kuwa mtu wa kalamu, na watu humjia: huyu ataka kadi za mchango wa harusi, yule kibao cha duka, kikundi cha akina mama chataka nembo, timu ya mpira yataka maandishi ya jezi. Kazi zifanywazo namna hiyo, kwa mapatano na mteja mmoja mmoja bila ajira ya kudumu, tutaziita katika makala haya kazi za mkataba.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kujifunza na kufundisha stadi hiyo kwa masomo manne. Hoja yake kuu ni moja: mchoro wa vekta ni maagizo, wala si picha iliyokwisha kukauka. Mwalimu afundishaye vitufe bila kufundisha maagizo amefundisha nusu ya somo; na mchoraji amkabidhiye mteja picha bila maagizo amemkabidhi nusu ya kazi aliyolipiwa.

AINA MBILI ZA MICHORO

Kompyuta huhifadhi picha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya nukta. Picha hugawanywa katika miraba midogo mno iitwayo pikseli, na kila pikseli hupewa rangi yake. Mfano wake ni mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi: kwa mbali twaona ua, kwa karibu twaona miyaa. Picha zipigwazo kwa simu ni za namna hii.

Njia ya pili ni ya vekta. Hapa kompyuta haihifadhi rangi ya kila mraba, bali huhifadhi maelezo ya umbo: kitovu cha duara kipo mahali hapa, nusu kipenyo chake ni sentimita 4, ndani yake ni wekundu, mstari wake una unene wa milimita 1. Kila tutakapo kuliona duara, kompyuta husoma maelezo hayo na kulichora upya kwa ukubwa tuutakao.

Tofauti ya njia hizi mbili haionekani mpaka mchoro ukuzwe. Karatasi ya A4 ikichapwa kwa pikseli 300 katika kila inchi huhitaji pikseli 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani karibu milioni 8.7. Karatasi ya A0 ina upana mara 4 na urefu mara 4 wa A4. Picha ile ile ikitandazwa juu ya A0 itabakiwa na pikseli 75 tu katika kila inchi, na ukungu utaanza kuonekana kwa atazamaye karibu.

Tuchukue mfano ulio mzito zaidi. Tuseme nembo ya shule imehifadhiwa kama picha yenye upana wa pikseli 500, kisha shule yataka kitambaa cha mahafali chenye upana wa mita 3, na nembo ijaze upana wote. Kila pikseli itakuwa na upana wa milimita 6, karibu sawa na punje ya kunde. Kingo za nembo zitakuwa ngazi badala ya mistari, na wazazi wataliona jambo hilo kabla hawajaketi. Nembo hiyo hiyo ingekuwa ya vekta, hesabu ingekuwa ni kuzidisha tu, na ukingo ungebaki laini.

Hata hivyo mwanachuo asidhani kwamba vekta hufaa kila mahali. Sura ya mtu, mawingu na majani ya msitu yana mabadiliko ya rangi yasiyohesabika. Kazi hiyo ni ya picha za nukta. Vekta ni ya nembo, maandishi, ramani, grafu, alama na vielelezo vya mistari. Mwalimu atambue kwamba hivyo ndivyo vielelezo vingi vya shule ya msingi.

ASILI YA MBINU HII

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT cha Marekani, alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora mistari na maduara juu ya skrini kwa kalamu ya nuru. Wakati huo huo viwanda vya magari vya Ufaransa vilikuwa na shida yao: jinsi ya kuiambia mashine mkunjo wa bati kwa hesabu, ili bati la leo lilingane na la kesho. Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën alipata njia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa kampuni ya Renault akaieneza njia ya namna hiyo katika miaka ya 1960. Ndiyo maana mikunjo hiyo hata leo huitwa mikunjo ya Bézier.

Kutoka viwandani mbinu hii iliingia katika uchapaji. Kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke, ilitoa lugha ya PostScript mwaka 1984, nayo ikawa lugha ya kuiagiza printa jinsi ya kuchora herufi na maumbo. Programu ya Illustrator ilitoka mwaka 1987, na CorelDRAW ikatoka mwaka 1989. Mwaka 2001 shirika la W3C lilitangaza kanuni za faili za SVG, ambazo ni wazi kwa mtu yeyote kuzitumia.

Historia hii yafaa kwa sababu yathibitisha hoja yetu. Mkunjo wa Bézier haukubuniwa kwa ajili ya mapambo. Ulibuniwa ili kuagiza mashine. Hata leo mashine ya kukatia stika hufuata njia ya kisu iliyomo katika mchoro wa vekta. Ikipewa picha ya nukta haina njia ya kufuata mpaka mtu achore mistari upya.

PROGRAMU YA KUTUMIA

Kwa mafunzo haya tunapendekeza programu ya Inkscape. Ilianza mwaka 2003 kwa kazi ya watu wanaojitolea, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020. Hutumika katika Windows, macOS na Linux, na faili zake za kawaida ni za SVG. Haiuzwi, na leseni yake yamruhusu mtu kuitumia hata kwa kazi za kulipwa. Kwa mwanachuo hili ni jambo kubwa. Mtu anayetumia nakala ya wizi ya programu ya kuuzwa ameanza kazi kwa deni, hata kama hakuna anayemdai.

Anayetumia Illustrator au CorelDRAW ataweza kuyafuata masomo haya bila taabu, kwa kuwa nukta, mkunjo na umbo ni vile vile. Majina na vitufe ndivyo vinavyobadilika.

SOMO LA KWANZA: MAAGIZO KABLA YA KOMPYUTA

Somo hili la dakika 40 hufanyika bila kompyuta. Lafaa hata pale ambapo wanachuo ni wengi na mashine ni chache, na baadaye laweza kupelekwa katika darasa la tano au la sita kama somo la jometri. Vifaa ni karatasi za miraba, rula, penseli na bikari.

Hatua ya kwanza. Wanachuo waketi wawili wawili, wamepeana migongo. Mmoja apewe mchoro mwepesi wa nyumba yenye mlango na dirisha. Aueleze kwa maneno tu, na mwenzake auchore. Baada ya dakika 5 walinganishe michoro. Kwa kawaida nyumba hazitafanana. Mwalimu aulize: ni neno gani lililopotosha? Majibu yatakuwa kama “kubwa kidogo”, “karibu na” na “pembeni”.

Hatua ya pili. Mchezo urudiwe, lakini sasa kila nukta itajwe kwa namba mbili, ya kwanza kwenda kulia na ya pili kwenda juu. “Anzia 2, 1. Vuta mstari hadi 8, 1. Panda hadi 8, 5.” Safari hii nyumba zitafanana.

Hatua ya tatu. Kila namba izidishwe kwa 3, na nyumba ichorwe juu ya kadi ya manila. Nyumba itakua bila kupotoka. Hapo mwalimu aulize swali lenye uzito: je, unene wa mistari nao uzidishwe? Wanachuo watatofautiana, na yafaa watofautiane, kwa maana katika programu jambo hilo ni la kuchagua. Mchoraji asiyelijua huikuza nembo na kuona mistari imebaki myembamba kama uzi, au huipunguza na kuona mistari imeziba maumbo.

Mwisho wa somo mwalimu aandike ubaoni: Umbo ni maagizo. Maagizo yakiwa sahihi, ukubwa si tatizo.

SOMO LA PILI: USO WA SAA

Sasa wanachuo waingie katika chumba cha kompyuta, watatu kwa kila mashine ikiwa mashine ni haba. Mmoja ashike kipanya, wa pili asome hatua, wa tatu akague. Kisha wabadilishane kila baada ya dakika 10. Kazi ni kutengeneza uso wa saa kwa ajili ya darasa la pili, juu ya ukurasa wa A4.

1. Bonyeza herufi E ili kupata kifaa cha duara. Chora huku umeshika kitufe cha Ctrl, ili umbo liwe duara kamili lisiwe yai. Andika kipenyo cha sentimita 16.

2. Chora mstari mwembamba wa wima wenye urefu wa sentimita 15, kisha uulinganishe na kitovu cha duara kwa kidirisha cha kupanga, kifunguliwacho kwa Shift, Ctrl na A.

3. Toa nakala ya mstari kwa Ctrl na D, na uizungushe kwa nyuzi 6 katika kidirisha cha mageuzi, kifunguliwacho kwa Shift, Ctrl na M. Rudia mpaka iwepo mistari 5. Ifunge mistari hiyo iwe fungu moja kwa Ctrl na G. Kisha toa nakala ya fungu na uizungushe kwa nyuzi 30. Rudia hivyo kwa nakala ya mwisho mpaka yawepo mafungu 6.

4. Weka juu yake duara jeupe lisilo na mstari, lenye kipenyo cha sentimita 14. Alama za dakika zitabaki ukingoni.

5. Chora mstari mnene wa wima wa sentimita 15 na kuuweka kitovuni. Toa nakala zake kwa nyuzi 30 mpaka iwepo mistari 6, kisha weka juu duara jeupe la kipenyo cha sentimita 13. Alama za saa zimepatikana.

6. Bonyeza herufi T na uandike namba. Namba zote zisimame wima, zisizungushwe.

Mwalimu asiyapite maswali ya hesabu yaliyomo humu. Kwa nini nyuzi 30? Kwa sababu 360 ikigawanywa kwa 12 hupata 30. Kwa nini mistari 6 imetoa alama 12? Kwa sababu kila mstari una ncha mbili. Kwa nini mafungu 6 ya mistari 5 yametosha kwa dakika 60? Mwanachuo aweza kujibu mwenyewe.

Kuna faida nyingine ya kumzingatia mtoto. Mtoto aonaye mkono mfupi ukielekea 8 huambiwa kwamba ni saa mbili asubuhi, na wengi hubabaika. Katika Kiswahili saa za mchana huhesabiwa tangu mapambazuko, kwa hiyo namba ya saa hutofautiana kwa 6 na ile iliyoandikwa. Mwalimu mwenye faili ya vekta aweza kutoa nakala ya mchoro wake na kuongeza duara la ndani lenye saa za Kiswahili: mkabala wa 7 aandike 1, mkabala wa 8 aandike 2, mkabala wa 12 aandike 6. Mtoto ataona pia kwamba saa ya Kiswahili ni ile namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa. Chati ya manila ingehitaji kuanzwa upya. Hapa kazi ni ya dakika chache. Mchoro ukipelekwa kwa mpiga chapa kwa ukubwa wa A1, duara la sentimita 16 litakuwa na kipenyo cha sentimita 45 hivi, na mtoto aliye nyuma ya darasa ataliona.

SOMO LA TATU: MKUNJO

Maduara na mistari havitoshi kuchora jani, kuku au herufi ya mapambo. Hapo huhitajika mkunjo wa Bézier. Kila kipande cha mkunjo kina nukta nne: mbili za mwisho, ambazo mstari huanzia na kuishia, na mbili za kuelekeza, ambazo twaweza kuziita mikono. Mstari hutoka katika nukta ya mwanzo ukielekea mkono wake, kisha hujipinda kidogo kidogo na kuingia katika nukta ya pili kwa mwelekeo wa mkono wa huko. Mkono ukirefushwa, mkunjo hujaa. Ukifupishwa, mkunjo hunyooka.

Zoezi linalofaa ni jani la mwembe. Bonyeza herufi B. Bonyeza kipanya kwenye kikonyo na ukokote kidogo kabla ya kuachia; fanya vivyo hivyo kwenye ncha; kisha rudi kwenye kikonyo na ufunge umbo. Baadaye bonyeza herufi N na urekebishe mikono mpaka jani lipate tumbo lake. Nukta mbili za mwisho zatosha kwa jani zima. Mwanachuo aliyetumia nukta 20 ataona kingo zina matuta, na kila akisahihisha moja, jingine huinuka. Kanuni ni kutumia nukta chache, kila moja mahali pake.

Kanuni hiyo ndiyo ituonyayo kuhusu ufuatishaji wa kujiendesha, ambapo programu huigeuza picha ya nukta kuwa vekta. Wanachuo huupenda kwa wepesi wake. Matokeo yake huwa na mamia ya nukta zisizo na maana: kwa macho ni nembo, kwa mkono wa msahihishaji ni kichaka. Yafaa kuiweka picha ya zamani chini kama kielelezo na kuchora juu yake kwa mkono.

Kadhalika maumbo huweza kuunganishwa au kutolewa. Weka duara dogo juu ya kubwa, lakini likae upande mmoja. Chagua yote mawili, kisha bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Litakalobaki ni mwezi mwandamo. Kwa njia hii nembo nyingi huweza kujengwa kwa maumbo ya kawaida bila hata kuigusa kalamu.

SOMO LA NNE: KAZI YA MTEJA

Somo hili lifundishwe kwa igizo. Mwanachuo mmoja awe mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku, mwingine awe mchoraji.

“Mwalimu, tunataka nembo nzuri.”

“Vema, Mama Mwenyekiti. Nembo hiyo mtaiweka wapi?”

“Kwenye trei za mayai, kwenye fulana zetu, na kwenye kibao cha barabarani.”

“Na muhuri je?”

“Hata na muhuri, mwanangu. Benki wanautaka.”

Jibu la mwisho labadilisha kazi nzima. Muhuri una rangi moja na upana wa sentimita chache. Nembo yenye rangi tano na maandishi madogo haitasomeka humo. Kwa hiyo mchoraji hana budi kuuliza kabla ya kuchora: nembo itakuwa ndogo kiasi gani na kubwa kiasi gani? Itachapwa kwa rangi ngapi? Nani atakayeamua kwamba yafaa? Yahitajika lini? Katika uchapaji wa fulana kwa fremu za kitambaa, kila rangi huwa na fremu yake, na kila fremu ina gharama yake. Rangi moja iliyopunguzwa na mchoraji ni fedha iliyobaki mkononi mwa kikundi.

Baada ya maswali zije rasimu tatu za penseli, kisha moja ichaguliwe, ndipo kompyuta iwashwe. Nembo ichorwe kwanza kwa rangi nyeusi peke yake. Ikisimama vema kwa weusi, rangi zitaipamba. Isiposimama, rangi hazitaiokoa.

Bei. Wachoraji wengi wapya hutaja bei kwa kutazama uso wa mteja. Mwanachuo afundishwe kuhesabu. Tuseme, kwa ajili ya zoezi tu, mchoraji huthamini saa yake moja kwa shilingi 5,000. Mazungumzo saa 2, kuchora saa 5, marekebisho saa 2, kutayarisha faili saa 1: jumla saa 10, yaani shilingi 50,000. Umeme, intaneti na chapa ya majaribio shilingi 8,000. Jumla shilingi 58,000, na nusu yake, shilingi 29,000, hulipwa kabla ya kazi kuanza. Mteja akiomba apunguziwe, mchoraji apunguze kazi pamoja na bei, kwa mfano rasimu moja badala ya tatu. Akipunguza bei peke yake, amemwonyesha mteja kwamba hesabu ya kwanza haikuwa ya kweli.

Mapatano. Hata kwa jirani au ndugu, mapatano yaandikwe katika ukurasa mmoja: kazi yenyewe, bei, tarehe, idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei, na nani atamiliki mchoro ukishalipiwa. Maandishi hayaonyeshi kutoaminiana. Huondoa lawama kati ya watu watakaoendelea kukutana kisimani na sokoni. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo huzilinda kazi za sanaa za kuchora. Kwa hiyo mchoraji naye asinyofoe picha ya mtu mwingine na kuiuza kama yake, na asome leseni ya kila fonti kabla ya kuitumia katika kazi ya kulipwa.

Rangi. Skrini huchanganya nuru nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya chapa huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Baadhi ya rangi zing’aazo katika skrini, hasa kijani na buluu kali, hufifia katika karatasi. Mteja aonyeshwe chapa ya majaribio, asiidhinishe rangi kwa kutazama simu. Aidha, kazi itakayokatwa ukingoni iongezewe milimita 3 za rangi kila upande, ili kisu kikikosea kidogo pasibaki mstari mweupe.

Kukabidhi. Hapa ndipo hoja yetu hukamilika. Mteja apewe faili tatu. Ya kwanza ni SVG ya asili, ambayo maandishi yake bado yaweza kusahihishwa. Ya pili ni PDF ya mpiga chapa, ambayo herufi zimegeuzwa kuwa maumbo kwa Shift, Ctrl na C, ili zisibadilike katika kompyuta isiyo na fonti hiyo. Ya tatu ni PNG, ambayo ni picha ya nukta, kwa ajili ya kutumwa kwa simu. Kila faili ipewe jina lenye kueleweka, na mteja aambiwe ipi ni ya kazi gani.

Wako wachoraji wanaozuia faili ya asili ili mteja alazimike kurudi. Kama mapatano yalisema hivyo tangu mwanzo, ni haki yao. Lakini kama mteja aliamini amenunua nembo, naye akapewa PNG tu, siku atakapotaka kibao cha mita 3 atagundua kwamba alichonunua ni kivuli. Mama mfugaji wa kuku hajui tofauti ya SVG na PNG. Mwalimu anajua, na kwa hiyo dhima ni yake.

Mwisho, mwalimu aangalie mipaka ya kazi yake ya kwanza. Kazi za mkataba zifanywe baada ya saa za shule, kwa vifaa vyake mwenyewe au kwa ruhusa, na wanafunzi wasifanywe vibarua.

TATHMINI

Mkufunzi aweza kutumia alama 20 zifuatazo. Maumbo yajengwe kwa nukta chache: alama 5. Mchoro usomeke ukipunguzwa hadi upana wa sentimita 2 na ukikuzwa hadi mita 1: alama 5. Maswali ya mteja na hesabu ya bei viwe kwa maandishi: alama 5. Faili tatu zikabidhiwe zikiwa na majina sahihi: alama 5. Uzuri wa mchoro usipewe alama za peke yake katika muhula wa kwanza, ili mwanachuo asiyejiona msanii asikate tamaa. Mwenye utaratibu hufika.

MAZOEZI

1. Nembo ina upana wa pikseli 800. Ikichapwa juu ya kitambaa cha mita 4, kila pikseli itakuwa na milimita ngapi?

2. Tayarisha somo la dakika 40 la darasa la sita kuhusu kukuza maumbo kwa kuzidisha, bila kutumia kompyuta.

3. Khanga ina pindo, mji na jina. Chora robo moja ya pindo na uijaze khanga nzima kwa nakala na kwa kugeuza kama kwenye kioo. Jina litungwe nawe mwenyewe.

4. Igizeni mazungumzo ya mchoraji na mwenye duka anayetaka kibao “cha bei rahisi kesho asubuhi”. Andikeni mapatano yatokanayo.

5. Eleza kwa maneno yako, kwa mtu asiyejua kompyuta, kwa nini apaswa kuidai faili ya asili ya nembo yake.

HITIMISHO

Programu zitabadilika, na vitufe vilivyotajwa humu huenda navyo vikabadilika. Mwanachuo aliyefahamu kwamba umbo ni maagizo hatapotea programu ijapo mpya, kwa kuwa atatafuta nukta, mkunjo na kitovu, naye atavikuta. Darasani atatengeneza chati iwezayo kusahihishwa badala ya kutupwa. Nje ya darasa atauza kazi nzima, kwa bei aliyoihesabu, kwa mtu aliyeelewa anachonunua. Wakufunzi waanze na somo la kwanza, kwa penseli na karatasi ya miraba, hata kama chumba cha kompyuta bado kimefungwa.